Mjomba na Kongoro la Kamanda

Kamanda alikuwa amejilaza chini ya mwembe, kongoro lake kalibana kwa miguu ya mbele, Mjomba alipoingia uani akitamba kwamba hakuna mbwa asiyemjua. Kamanda akaacha kutafuna. Kwa mbwa mwenye mfupa hilo ndilo onyo la kwanza, na wengi linawapita kwa sababu halina sauti. La pili likafuata: mngurumo mzito wa kifuani, mdomo umefungwa, weupe wa jicho umetokeza pembeni.

"Unamsikia, mpwa wangu? Anakoroma kwa raha."

"Mjomba, rudi nyuma taratibu. Mpe ubavu, usimkazie macho."

"Na huo mkia anaotikisa?"

Mkia ulitikisika kweli, ila ulikuwa juu, umekakamaa, ncha tu ikitetemeka. Mkia wa furaha hulegea, ukayumbisha hadi makalio. Hayo niliyasemea hewani. Mjomba alishainama kuushika mfupa "ili tuzoeane", na papo hapo suruali yake ya Jumapili ikawa kaptura upande mmoja.

Alipandaje pikapu kwa umri ule, sijui. Nikamkagua mguu kutoka chini: ngozi nzima. Ingechubuka hata kidogo tu, ni kuosha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha moja kwa moja hospitali kwa chanjo ya kichaa cha mbwa.

Mama akatoka na mwiko, mbwa achapwe! Nikamzuia. Mbwa anayechapwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, meno yanabaki palepale; siku nyingine atang'ata bila hodi. Na mfupa hapokonywi, anabadilishiwa. Nilirusha kipande cha nyama hatua kadhaa kutoka alipo, akakifuata, nikarusha kingine mbali zaidi, ndipo kongoro likaondolewa.

Kilichobaki ni kitambaa. Kamanda akakiokota, akakileta hadi kwenye tairi la pikapu, akakitua. Kifua chini, makalio juu, akaanza kubweka: sauti nyembamba, fupi fupi, mara mbili, anatulia, mara mbili tena.

"Sasa ananitukana nini?" Mjomba akauliza, ameshikilia bomba la pikapu kwa mikono miwili.

"Anakualika mcheze, Mjomba. Anataka ushuke umkimbize, umnyang'anye hicho kitambaa."

"Mwambie mimi ni mzee wa kanisa."