Kilwa Kisiwani saa mbili hazitoshi
Kuna makala inayosema Kilwa Kisiwani, kisiwa chenye magofu ya mji wa kale kusini mwa Tanzania, unaimaliza kwa saa mbili. Hapana jamani. Saa mbili zinaishia kwenye Gereza (ile ngome ya kale) na Msikiti Mkuu. Husuni Kubwa, lile kasri la kale, iko kando kabisa na magofu mengine, juu ya genge linalotazama bahari, na lile birika lake la pembe nane ndilo wageni wengi wanalikosa kwa haraka hizi. Bado Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu yake, ambako ni lazima ufuate maji kujaa na kupwa. Yakishatoka, utatembea kwenye tope la mikoko. Huu ni Urithi wa Dunia tangu 1981, inauma kuona unapitiwa mbiombio. Laleni Kilwa Masoko, mji wa bara ng'ambo ya kisiwa, mchukue kibali cha kutembelea magofu, mvuke mapema. Aliyewahi kwenda Songo Mnara na watoto wadogo, mliondoka saa ngapi?