Zamani nani alilipa?

Kila penye shule ya msingi ya Kikatoliki kijijini, lawama ni ile ile: zamani ilikuwa ya wote, leo imeongeza madarasa na bweni, na mtoto wa jirani anashindwa na ada. Walalamikaji wana hoja. Mwaka 1977 Vatikano yenyewe, katika waraka kuhusu shule Katoliki, ilionya kwamba shule hizi zikiwaelekea zaidi wenye uwezo, huenda zikasaidia kulinda nafasi yao katika jamii isiyo ya haki.

Ila katika lawama hizo sijasikia mtu akiuliza zamani nani alilipa. Mary MacKillop, mwanzilishi wa shirika la masista walimu, alipofungua shule Penola, Australia, mwaka 1866, darasa lilikuwa banda la farasi lililokarabatiwa, na baadaye masista wake walitumwa wawili watatu hadi vijiji vya mbali. Sista wa darasa la kwanza wa namna hiyo alipiga kengele asubuhi, akafundisha, na jioni akafunga hesabu kwa mwanga wa taa. Katika daftari hilo la hesabu mshahara wake haukuwamo. Alikula na kulala konventini, na uzeeni shirika ndilo lililomtunza.

Angalia Marekani. Mwaka 1950, takriban asilimia 90 ya walimu wa shule Katoliki walikuwa watawa na mapadre. Leo hawafiki asilimia 5. Kila nikiitazama tarakimu hii, lawama ya "shule imekuwa biashara" inanipungukia nguvu. Nafasi ya sista ameishika mwalimu mlei mwenye watoto wa kusomesha, kodi ya nyumba na haki ya pensheni. Sadaka ambayo mzazi hakuwahi kuiona imegeuka mshahara, na sasa anaiona kwenye stakabadhi. Kijijini mzigo unazidi, kwa kuwa darasa la watoto 12 linahitaji mwalimu mzima kama lile la 40. Mara nyingi bweni hujengwa ili madawati yajae na shule isifungwe.

Mchujo, huo siutetei. Kumkataa mtoto wa kijiji kwa hofu kwamba atashusha wastani wa mtihani ni kosa, hata kama ufaulu huvuta wazazi wenye fedha. Ada inalipa mishahara. Mchujo unalinda jina tu.

Anayetaka mlango uwe wazi kwa wote atazame Ayalandi. Karibu shule 9 kati ya 10 za msingi huko ziko chini ya Kanisa Katoliki, na walimu wanalipwa na serikali. Michango ya hiari huombwa, lakini shule hizo za umma haziruhusiwi kudai ada, na vijijini bado zipo zenye walimu wawili tu.