Elfu 30 kwa dereva sugu ni kama nauli tu
Kuna makala nimesoma, mwandishi wake anataka faini za barabarani zipande kwa anayerudia kosa, mi naunga mkono ila nusu nusu. Saivi wa gari unaandikiwa elfu 30, iwe kosa la kwanza maishani au la kumi wiki hii, sasa dereva wa daladala mwenye hesabu ya bosi kichwani akiona anadakwa mara moja katika kutanua mara ishirini, ina maana kila kutanua ni buku jero, si ataendelea tu! Mzee aliyepitiwa siku moja kwenye zebra ndo inamuuma. Gary Becker, mchumi wa Marekani, alishaandika 1968, mtu anapima ukubwa wa adhabu na uwezekano wa kukamatwa.

Ila tusiende kama California, sheria yao ya 1994 (waliilegeza 2012) ukiwa na makosa mawili mazito basi la tatu, hata kama si zito hivyo, lilikuwa miaka 25 mpaka maisha, kuna jamaa aliiba fimbo tatu za gofu (fimbo jamani!) na Mahakama ya Juu ya Marekani 2003 ikaona poa. Sasa kama fimbo na kupora kwa bunduki bei moja, huyo mwizi anaacha bunduki nyumbani ya nini?