Kaa Dakika Tano, Usiongee

Mwaka jana nilikwenda zahanati ya mtaani kwetu na kikohozi, nikatoka na habari za presha. Nesi alinifunga kile kitambaa mkononi, mashine ikavuma, ikaandika 154 kwa 97. Akanitazama, akaitazama na simu niliyokuwa naijibu kwa mkono wa pili. "Mama, weka hiyo simu kwenye mkoba. Rudi kwenye benchi, egemea, usipandanishe miguu, usiongee na mtu. Dakika tano, tupime tena."

Dakika tano ni ndefu. Nilisoma bango la chanjo mara tatu, nikahesabu vigae, nikakasirika. Kisha, sijui ilikuwa saa ngapi, nikaanza kusikia feni ya dari ikilia kri, kri, kila inapomaliza mzunguko. Nikawa naifuata. Nilipoitwa tena mashine ikaandika 141 kwa 89. "Bado iko juu," nesi akasema, "lakini si umeona?"

Niliona. Dawa nilianzishiwa baadaye, baada ya kupimwa siku kadhaa, na ninazimeza mpaka leo. Asije mtu akasoma hapa akatupa vidonge vyake kwa sababu ya feni. Ila zile namba 13 zilizoshuka pale kwenye benchi hazikunitoka kichwani. Ni mbio nilizoingia nazo mlangoni, na ningezipeleka nyumbani, nikalala nazo.

Hapa mjini Dar es Salaam ukitaja meditesheni, picha inayomjia mtu ni mgeni aliyekunja miguu mchangani Paje, Zanzibar, jua likizama. Hata neno letu "kutafakari" linapotosha kidogo. Kutafakari ni kulifikiria jambo, na mimi mambo ya kufikiria sijapungukiwa: ada, kodi, luku. Kinachotakiwa ni kuipa akili kitu kimoja kidogo cha kushika, pumzi au sauti, na ikitoroka uirudishe bila kujitukana. Itatoroka. Mara mia ikitoroka, mara mia unairudisha, na huko kuirudisha ndiyo kazi yenyewe.

Mwanasayansi Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha hivyo wagonjwa wa maumivu sugu huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, kwa mafunzo ambayo siku hizi ni ya wiki nane. Aliyachukua mazoezi ya Wabuddha, akayaingiza hospitali bila kumtaka mgonjwa abadili dini. Na mwili una sababu zake za kuitikia: ukivuta pumzi moyo huongeza mwendo kidogo, ukiitoa hupunguza. Ndiyo maana kuitoa polepole zaidi kuliko ulivyoivuta kunamtuliza hata mtu aliyegombana na konda.

Wala hatukuwa watupu kabla ya hayo. Aliyebaki mkekani baada ya sala na tasbihi mkononi, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, anakijua ninachokisema. Jirani yangu na rozari yake anakijua. Kasoro ni yetu. Mimi mwenyewe nilikuwa navuta tasbihi kama keshia anayehesabu noti foleni ikiwa imefika mlangoni.

Somo langu kubwa limetoka kwenye ungo. Bibi yangu, kule Pangani, alikuwa na saa yake ya kuchagua mchele, alasiri, mlangoni ambako mwanga unaingia. Anamwaga konzi mbili tatu, anazitandaza kwa kiganja, anaanza kuzivuta kwake punje chache chache. Chuya huku. Kijiwe huku. Ukimsemesha anaitika "mmh", na ukisubiri jibu utasubiri sana. Nilikuwa nikidhani ananipuuza. Siku hizi mchele tunanunua umepigwa gredi, hauna mawe, na bado Jumapili naumwaga kwenye ungo. Binti yangu ananiuliza natafuta nini. Sitafuti kitu. Kwa robo saa vidole vinajua vinachokifanya, na mimi nipo pale pale vilipo.

Sasa shukrani, na hapa nina ugomvi kidogo.

Sisi tunashukuru mchana kutwa. Habari za asubuhi? Namshukuru Mungu. Watoto? Tunashukuru. Biashara? Alhamdulillah. Maneno mazuri, ila yamepita midomoni mara nyingi mpaka yamelainika kama shilingi ya zamani, huoni tena kilichochorwa. Baya zaidi ni shukrani inayotumika kumfunga mtu mdomo. Niliwahi kufanya kazi mahali mshahara ulichelewa miezi miwili, na tulipouliza tukaambiwa tushukuru, wenzetu hawana hata hiyo kazi. Msiba ukitokea utasikia: shukuru, wa fulani ilikuwa vibaya zaidi. Eti utulivu wangu utoke kwenye shida ya jirani! Sikubali. Mshahara uliochelewa unadaiwa. Mtu anaweza kudai haki yake asubuhi na jioni akashukuru kwa upepo, na hakuna kinachogongana.

Shukrani iliyonisaidia mimi ni ile yenye jina na saa. Mwaka 2003 wanasaikolojia Robert Emmons na Michael McCullough walichapisha utafiti ambamo wanafunzi wa chuo kikuu Marekani waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mpaka mambo matano ya kushukuria. Wenzao waliandika kero zao. Wale wa shukrani walisema wanayaona maisha yao kuwa mazuri zaidi, hata malalamiko ya mwili yalipungua. Nilichokipenda humo ni kuandika. Ukishika kalamu huwezi kuandika "namshukuru Mungu kwa yote" siku ya pili na ya tatu bila kujionea aibu. Inabidi utafute: yote yapi?

Mimi naandika nyuma ya daftari la vikoba, maana ndilo daftari pekee ambalo sipotezi. Mfano wa wiki moja: Jumatatu, maji yametoka saa kumi alfajiri, nimejaza madumu yote sita. Jumanne, konda kanirudishia mia mbili niliyoisahau, kaniita mpaka kwenye ngazi. Jumatano, hakuna. Ndivyo nilivyoandika, "hakuna", maana Jumatano ile ilikuwa mbaya na sikutaka kulidanganya daftari. Alhamisi, mvua imeanza nikiwa nimeshaanua.

Baada ya kama miezi miwili niligundua naanza kuviona vitu vikiwa bado vinatokea, kabla ya kalamu. Konda anaponiita, kuna kitu ndani kinasema: hicho. Foleni iko vile vile, na kazini wapo wale wale. Siwezi kusema nimekuwa mtu mwingine. Juzi tu nimempigia kelele mtoto kwa sababu ya kijiko.

Mwezi uliopita kwenye kikao cha vikoba niliacha daftari mezani nikaenda kuchota maji ya kunywa. Mweka hazina akalishika kinyumenyume, akaanza kusoma kwa sauti akidhani ni marejesho: "Jumanne, konda kanirudishia mia mbili." Wakacheka wote, na mimi nikacheka, uso ukiniwaka. Tukafunga mahesabu, tukanywa chai, tukaagana. Nilikuwa nimeshafika getini nikasikia naitwa. Ni mama mmoja ambaye huwa haongei kikaoni, mumewe ni mgonjwa wa muda mrefu.

"Dada, lile daftari lako," akasema. "Niandikie na mimi. Andika: jana kala uji, akamaliza kikombe."

Nikaegemeza daftari kwenye nguzo ya geti, nikaandika.