Mionzi: hofu isiyojua pa kukaa

Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazil, wanaume wawili waliingia katika zahanati iliyotelekezwa, wakang'oa kipande cha mashine ya kutibia saratani na kumuuzia mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, kemikali inayotoa mionzi. Gizani ulitoa mwanga wa buluu, ukapendeza. Ndugu na majirani wakagawiwa. Wapo waliojipaka mwilini. Wanne walikufa, mmoja akiwa mtoto wa miaka 6. Siku ya kumzika, watu wa mji huohuo waliurushia mawe msafara wake, wakiliogopa jeneza lililozungushiwa madini ya risasi.

Unga uliochezewa na jeneza lililopigwa mawe: kosa ni moja, kutotofautisha mionzi na kitu kinachoitoa. Anayepigwa eksirei hatoki na mionzi mwilini, kama anayemulikwa kurunzi asivyogeuka taa. Unga ni habari nyingine. Unanata, unamezwa, na ukishaingia tumboni unaendelea kumulika.

Wataalamu huijibu hofu yetu kwa namba. Binadamu hupokea mionzi ya wastani wa milisieverti 2.4 (kipimo cha mionzi inayoufikia mwili) kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula. Eksirei ya kifua ni kama 0.1 tu. Fukushima nako, nchini Japani, baada ya ajali ya kituo cha nyuklia ya 2011, vifo vinavyohusishwa na misukosuko ya kuhama vilipita 2,000, wakati kifo cha kwanza ambacho serikali ilikubali kuwa kimetokana na mionzi kilitangazwa 2018. Hapo hofu iliua kuliko kilichoogopwa, na sioni namna ya kulikwepa hilo.

Ila namba ina mwenyewe, na mwenyewe huyo amewahi kunyamaza. Kituo cha nyuklia cha Chernobyl, katika Muungano wa Kisovieti, kilipolipuka Aprili 1986, wakazi wa Pripyat, mji wa jirani, walikaa zaidi ya siku nzima kabla ya kuhamishwa, na Sweden ilinasa mionzi kwenye vipimo vyake kabla Moscow haijatangaza lolote. Watoto waliendelea kunywa maziwa yenye iodini-131, kemikali ya mionzi inayojikusanya kwenye tezi ya shingo. Maelfu walikuja kuugua saratani ya tezi ya shingo. Kumwita mjinga mtu anayekumbuka hayo ni kumwonea.

Na alama ile ya mabawa matatu inayoonya kuhusu mionzi, nani aliyewahi kuielewa bila kufundishwa? Mwaka 2007 ndipo ilipoongezwa nyingine, yenye fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Hukusudiwa kuwekwa ndani ya kifaa, aione atakayekifungua.