Rubondo ilishajibu hilo

Mwandishi wa makala ya kurudisha wanyama porini anadai mnyama aliyekulia kizimbani akirudishwa porini atakufa njaa tu. Ndugu yangu, nenda Rubondo, kisiwa cha hifadhi ndani ya Ziwa Victoria. Sokwe 17 kutoka bustani za wanyama za Ulaya waliachiwa pale kwa mafungu kati ya 1966 na 1969, bila kufundishwa maisha ya msituni. Wale wa mwanzo, baadhi yao walikuwa wakorofi, wanavamia watu. Wajukuu zao leo wanamkwepa binadamu na usiku wanajenga vitanda vya matawi juu ya miti. Lakini tusidanganyane: faru weusi waliopelekwa miaka hiyohiyo walimalizwa na majangili.

Pendekezo la kuongeza wanyama Saanane, kisiwa kidogo cha hifadhi karibu na jiji la Mwanza, ndilo linanipa wasiwasi. Hifadhi yote ni kilomita za mraba 2.18, na hapo umehesabu na maji! Ukishuka kwenye boti unawakuta pimbi wamejilaza juani juu ya mawe, na swala hatua chache mbele yao. Eneo dogo hivyo linabeba kundi dogo tu, na kundi hilo lisipoletewa dume wa damu nyingine mara kwa mara, watazaana ndugu kwa ndugu. Basi wanaopendekeza waseme kwanza, huyo dume atatoka wapi na kwa bajeti ya nani?