Kengele ya saa kumi alfajiri

Kampeni ya afya ya usingizi ikifika huku Nyanda za Juu Kusini, naomba isianze na mabango ya kutuambia tuache simu kitandani. Ianze na kengele ya bweni.

Kijana wa sekondari anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kwa usiku. Mwili wake umri huo huchelewa kusinzia, kwa hiyo kumwamrisha alale mapema kuna kikomo chake. Sasa mpe prepo (kipindi cha kujisomea) ya usiku hadi saa tano, kisha mwamshe saa kumi alfajiri kwa prepo nyingine: usingizi wa saa tano tu. Juni, Njombe au Mufindi, ameoga maji ya baridi kama barafu, amevaa masweta mawili, na saa nne asubuhi mwalimu anamsimamisha nyuma ya darasa asisinzie. Anasinzia amesimama. Kilichosomwa jana hukaa kichwani usingizini, na huo ndio tunaoupunguza.

Walimu nao wana hoja, tena nzito. Mzazi wa Mbeya huchagua shule kwa kuhesabu daraja la kwanza. Kwa mtoto ambaye nyumbani angechota maji, apike, kisha asome kwa kibatari, prepo ndiyo nafasi yake ya pekee. "Sisi tulipita humo humo tukafaulu," husema walimu. Ni kweli, ila waliofeli hawaitwi kutoa ushuhuda.

California, Marekani, tangu Julai 2022, sheria inazuia sekondari nyingi kuanza kabla ya saa 2:30 asubuhi. Hatuwezi kunakili hilo: wa kutwa anatembea mbali, akichelewa kutoka giza linamkuta njiani. Bweni ni habari nyingine. Taa zizimwe saa 3:30, kengele ilie saa 11:30. Huo ni usingizi wa saa nane kamili, na prepo ya usiku inabaki, fupi kidogo. (Usafi wa asubuhi? Ufanyike jioni.) Blanketi la pili pia lingesaidia kuliko semina.

Mabango yana kazi yake pale mtu anapojiamulia. Baridi ikikaza, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu haina harufu, na familia haiamki. Hilo litangazwe redioni kila Mei. Lakini mwanafunzi hajipangii ratiba. Mkuu wa shule na bodi wajaribu muhula mmoja bila prepo ya alfajiri, walinganishe majaribio ya kila mwezi na ya muhula uliopita, na matokeo wayabandike ubaoni wazazi wayaone.